Taa za Pikapu Kuukuu

Kalama, karibu na mji wa Machakos, ni nchi ya milima, na barabara zake zina kona. Pikapu ipitayo huko usiku bila taa za nyuma haionekani na dereva wa lori mpaka amekwisha kuikaribia mno. Basi yafaa kila mwenye pikapu kuukuu ajue kutafuta kosa la taa zake kabla jua halijatua.

Ikiwa taa moja tu haiwaki, fungua kifuniko chake uitazame balbu. Ukiona uzi wa ndani umekatika, tia nyingine ya namna ile ile. Ikiwa taa kadha zimezimika pamoja, tazama fyuzi kwanza. Fyuzi huungua ili kuulinda waya. Usitie kipande cha waya mahali pake, maana gari laweza kushika moto.

Lakini pengine balbu na fyuzi ni nzima, na taa zafifia, au ukikanyaga breki taa ya indiketa nayo huwaka kidogo. Hapo usinunue kitu. Umeme hutoka katika betri kwa waya, na hurudi kwa chuma cha gari lenyewe. Kutu ikiingia, njia ya kurudi huzibika. Zima taa, fungua skrubu zake, sugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha ukaze.

Mwisho, mtu asimame nyuma ya gari atazame, nawe uwashe taa na kukanyaga breki. Kazi hii ndogo yaweza kuokoa maisha ya watu.