Fedha za Kanisa na Kazi Yake: Mfano wa Mombasa

Watu wengi, hasa wazee wa kanisa waliochaguliwa karibuni, huuliza kwa nini halmashauri yao hukaa saa nyingi ikijadili fedha kabla ya kujadili mahubiri. Huwaonekea kwamba shilingi zimetangulizwa mbele ya roho. Lakini habari za Kanisa katika Mombasa zaonyesha kuwa atoaye fedha mara nyingi ndiye aamuaye ni kazi gani itakayofanywa.

Henry Venn, aliyekuwa katibu wa shirika la C.M.S. huko London tangu mwaka 1841 hata 1872, alifundisha kwamba kila kanisa jipya lapaswa kujitawala, kujilipia gharama zake na kueneza Injili lenyewe. Ndipo wamisionari wawaachie wenyeji na kwenda penginepo. Katika zamani zake ndipo Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa, mwaka 1844. Venn alikufa mwaka 1873. Miaka miwili baadaye shirika lake lilianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa, na hapo mafundisho yake yalipata taabu. Wengi wa watu wale walifika mikono mitupu. Ardhi ilikuwa ya shirika, na mishahara ililipwa na shirika. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwatia mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, Waafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika pwani hii. Daraja walipata, lakini ufunguo wa sanduku la fedha hawakupewa.

Jambo hilo halikwisha upesi. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, aliwaambia Wakristo wa Marekani mjini Milwaukee kuwa wamisionari na fedha za ng'ambo visimamishwe kwa muda usiopungua miaka mitano. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono shauri hilo. Fedha za ng'ambo hazikukoma, lakini neno «Jitegemea» limekuwa wito wa kanisa lake Gatu.

Wala si fedha za ng'ambo tu zenye kufunga mikono. Mwezi wa Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamuru zirudishwe shilingi 2,600,000 ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, mtaa wa Kayole, nalo likaikataa ahadi ya shilingi 3,000,000 nyingine za kujenga nyumba ya padre. Kukataa namna hii kwahitaji ujasiri, tena kwahitaji makisio yaliyotengenezwa vema.

Makisio ni hesabu ya mapato na matumizi ya mwaka ujao, iandikwayo kabla mwaka haujaanza. Tufikiri kanisa lililo mtaa wa Liwatoni, upande wa Kilindini. Waumini wake wengine ni wavuvi, wengine ni vibarua wa bandarini, na wengine hupokea mshahara wa mwezi. Mvuvi hupata wakati wa kaskazi. Kusi ikivuma bahari huchafuka na mkono wake hukauka. Kibarua hupata meli zikiwapo. Basi mtunza fedha akichukua sadaka za Januari na kuzizidisha mara kumi na mbili, atakuwa ameandika ndoto. Yampasa atazame vitabu vya miaka mitatu iliyopita, mwezi kwa mwezi, akadirie kwa mwezi ulio mbaya, na ziada ya kaskazi aiweke akiba.

Halmashauri nyingi huanza kuandika paa, viti na vipaza sauti. Senti zilizobaki ndizo apewazo mwinjilisti. Kwa maoni yetu hesabu hiyo yaanzia mkiani. Kazi ya Injili, na msaada wa wagonjwa na wajane, yafaa viandikwe kwanza, kisha paa lipewe zamu yake. Majirani Waislamu katika Mji wa Kale wana desturi ya wakf: mtu hutoa nyumba, kodi yake ikatunza msikiti, na nyumba yenyewe haiuzwi. Kanisa lenye kiwanja kitupu laweza kujifunza hapo.

Tena sadaka isihesabiwe na mtu mmoja. Wahesabu watu wawili au watatu, waandike na kutia sahihi, fedha zipelekwe benki kesho yake. Na mkaguzi wa hesabu asiwe mjumbe wa halmashauri. Hesabu isomwe mbele ya waumini wote, kwa maana watu wajuao fedha zao zimekwenda wapi hawachoki upesi kutoa.

Kwa kanisa la Liwatoni mwezi wa Oktoba wafaa kwa mkutano huo: kusi imekwisha, kaskazi haijafika, na hesabu ya miezi mibaya ingali wazi mezani.