Kasugho: duka lisitegemee rezo moja

Mfanyabiashara wa Kasugho, teritware ya Lubero, anayeuza bidhaa Butembo na Beni hupokea oda kwa simu. Rezo ikipotea, oda nazo zinapotea.

Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti inchi nzima kwa karibu siku 20, SMS zikafuata. Beni na Butembo nao walikatiwa, hata kama kura yao ilikuwa imesogezwa hadi Machi 2019! Wakati ule, mwenye laini mbili hakupona: amri ilikuwa kwa kompani zote.

Laini ya pili inasaidia mnara mmoja unapozimika, basi. Namba za wateja na madeni viandikwe pia katika daftari, si kuachwa katika WhatsApp peke yake. Na anayetaka anwani ya intaneti anunue jina la .cd kwa jina lake mwenyewe, si la fundi wala la kompani inayomuuzia intaneti. Barua pepe ya kompani inabaki kwa kompani siku unapohama; ile ya jina lako unahama nayo, na mteja wa Butembo anaendelea kuandika palepale.