Kireno kwa Kufuata Kalenda

Mtego wa kwanza wa Mswahili anayejifunza Kireno ni siku za wiki. Wareno nao huzihesabu, ila wao huanzia Jumapili, sisi Jumamosi. Kwa hiyo Jumatatu kwao ni segunda-feira, ya pili. Jumanne ni terça, ya tatu. Ukikuta mlango wa makumbusho Lisbon umeandikwa "encerrado à segunda", usirudi Jumatatu. Toa moja, utapatia, mpaka ufike Alhamisi: hiyo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ya tano kwetu na kwao.

Baada ya hapo mimi humwambia mwanafunzi aweke kando orodha za msamiati, afuate sikukuu. Tarehe 11 Novemba ni ya São Martinho, askari wa Kirumi ambaye, hadithi yasema, alikata joho lake akampa maskini nusu, na jua likachomoza. Siku za joto zinazojitokeza mwezi huo bado huitwa verão de São Martinho, kiangazi cha Martinho. Mitaani huchomwa castanhas, kokwa za mti wa nchi za baridi, kila moja ikiwa imechanjwa kwa kisu isije ikapasuka motoni. Maganda hutoka meupe kwa chumvi. Muuzaji hunadi "quentes e boas!", za moto na nzuri, na hapo umeshasikia vivumishi vya wingi bila kufungua kitabu cha sarufi.

Agiza: "Uma dúzia, se faz favor." Usitamke kila irabu kama tulivyozoea, Lisbon huzimeza, na se faz favor hutoka karibu "sfashfavori". Muuzaji akiwa mama mtu mzima, mwite a senhora. Você, neno la kawaida Brazil, huko Ureno laweza kusikika kavu. Ukishapokea, mwanamume hushukuru kwa obrigado, mwanamke obrigada, awe anamshukuru nani.

Juni ndiyo yenye raha. Usiku wa kuamkia tarehe 13, Lisbon hunuka sadini wa kuchoma kwa ajili ya Santo António. Porto, usiku wa kuamkia 24, watu wasiojuana hugongana vichwani kwa martelinhos, vinyundo vya plastiki. Hiyo -inho ni kama ki- yetu ya udogo, ila ina mahaba ndani yake: hata simu huagwa kwa beijinhos, vibusu.

Msimu huo huuzwa manjerico, mrehani wa majani madogo kwenye chungu. Usiusogezee pua, wanasema utanyauka; upapase, kisha unuse kiganja. Juu yake huchomekwa ua la karatasi na kibendera chenye quadra, ubeti wa mishororo minne, mara nyingi wa mapenzi. Aliyezoea tarbia aisome kwa sauti: kwa kawaida mizani ni saba, ikihesabiwa hadi silabi ya mwisho yenye mkazo. Zikizidi, huenda umetenganisha irabu ambazo Mreno huziunganisha.