Ukali wa bwana, ugonjwa wa mtumishi

Ni saa kumi na moja jioni. Watoto wanacheza uani na kucheka. Mara mdogo wao, aliyesimama mlangoni, asema kwa sauti ya chini: «Baba anakuja.» Papo hapo mchezo unakwisha. Mmoja ashika daftari lake, mwingine akimbilia jikoni kwa mama. Baba aingia, hamwamkii mtu. Aketi, akataa chakula, asema kichwa kinamwuma. Usiku hapati usingizi. Alfajiri, kabla hajavaa viatu, tumbo laanza kumsokota. Ajabu ni kwamba siku ya Jumapili tumbo hilo halimsokoti.

Je, baba huyu ni mtu mbaya? Au amelogwa, kama wanavyonong'ona majirani? Sisi twataka kuuliza kwanza swali jingine: huko kazini, yuko chini ya bwana gani?

Nyumba ya namna hii tumeiona mara nyingi katika parokia zetu, mijini na penye machimbo. Watu husema: «Matusi hayavunji mfupa.» Ni kweli, mfupa hayavunji. Lakini waganga wenye elimu wameonyesha kwamba yaweza kudhuru moyo, tena moyo wenyewe wa nyama, ule usukumao damu.

Nyoka wa njiani na nyoka wa biro

Mwenyezi Mungu aliuumba mwili wetu kwa hekima. Ukiwa njiani kwenda shambani, ukaona nyoka mbele ya mguu wako, hungoji kufikiri. Juu ya mafigo yako ziko tezi mbili ndogo. Hizo humwaga katika damu dawa ya mwili wenyewe, iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, sukari huingia katika damu, misuli hukaza, tumbo huacha kusaga chakula. Mwili wote uko tayari kupigana au kukimbia. Nyoka akiisha kwenda zake, moyo hutulia, nawe waendelea na safari. Hayo yote ni mema, na yameokoa watu wengi.

Lakini itakuwaje, nyoka akiketi katika kiti cha biro, naye yupo kila siku, toka asubuhi hata jioni, mwaka baada ya mwaka? Mtumishi hawezi kupigana naye, wala hawezi kukimbia, kwa sababu watoto wanangoja mshahara. Basi mwili wake hukaa tayari kwa vita isiyokwisha. Damu husukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mishipa huchoka, usingizi hutoroka, na nguvu ya kushindana na magonjwa hupungua.

Mnamo mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyefanya kazi mjini Montreal katika nchi ya Kanada, alitangaza mambo aliyoyaona katika panya. Aliwatesa kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa uchovu, kwa sumu; na kila mara miili yao ilionyesha alama zilezile: tezi zilivimba, na tumbo lilipata vidonda. Lakini tuwe waangalifu. Mwaka 1982 waganga wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua kijidudu kinacholeta vidonda vingi vya tumbo kwa wanadamu. Kwa hiyo mwenye maumivu ya tumbo asimlaumu bwana wake tu, akakaa nyumbani. Aende hospitali.

Makarani wa London

Zamani watu wengi walidhani kwamba ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa wakubwa. Walisema: «Mkubwa ndiye mwenye mzigo wa mawazo, tarishi hana cha kuwaza.» Mwaka 1967 waganga wa Uingereza walianza kuwapima wanaume wapatao 18,000 waliofanya kazi ya serikali mjini London. Wote walikuwa na kazi ya kudumu na mshahara wa kila mwezi. Hakuna aliyelala njaa. Waganga wakawafuata kwa miaka mingi, wakihesabu waliokufa.

Matokeo yaliwashangaza. Watu wa daraja la chini kabisa, yaani matarishi na mabawabu, walikufa karibu mara tatu kuliko wakubwa wao wa daraja la juu. Tena kila ngazi ilikuwa na afya hafifu kuliko ngazi iliyo juu yake. Sigara na unono havikutosha kueleza tofauti hiyo.

Basi mwaka 1985 uchunguzi wa pili ulianza, chini ya mganga Michael Marmot, wa watumishi 10,308, wanaume kwa wanawake. Safari hii waliwauliza habari za kazi yenyewe. Ikaonekana kwamba jambo kubwa si wingi wa kazi peke yake. Hudhurika zaidi yule anayedaiwa mengi lakini hana ruhusa ya kuamua hata neno dogo juu ya kazi yake.

Waliulizwa pia: Je, mkubwa wako hukusikiliza? Hukueleza mambo yanayokuhusu? Hukulaumu bila haki? Hukusifu ukifanya vema? Mwaka 2005 majibu ya wanaume zaidi ya 6,000 yalitangazwa. Wale walioona kwamba wanatendewa kwa haki walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa asilimia 30 chini ya wenzao. Tafadhali, msomaji, angalia jambo hilo vizuri. Hapa hatusemi habari ya mshahara mkubwa, wala ya nyumba nzuri, wala ya dawa ya bei kali. Twasema habari ya bwana kumsikiliza mtu wake na kumwambia kweli, jambo lisilogharimu hata faranga moja.

Saa zisizohesabiwa

Kuna ubaya mwingine usio na kelele. Bwana hatukani, bali hajui kusema: «Imetosha, nendeni nyumbani.» Mwaka 2021 Shirika la Afya la Ulimwengu pamoja na Shirika la Kazi la Ulimwengu yalitangaza hesabu ya kutisha: katika mwaka 2016 peke yake, watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 iliweka mpaka wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Mpaka huo si zawadi kwa wavivu. Ni ukuta wa kulinda uhai.

Farao na Boazi

Maandiko Matakatifu yawajua mabwana wa kila namna. Katika Kitabu cha Kutoka twamwona Farao. Waisraeli walipoomba ruhusa ya kwenda kumwabudu Mungu, aliwaita wavivu. Akawanyima majani ya kufyatulia matofali, wakajitafutie wenyewe; lakini hesabu ya matofali haikupunguzwa hata kidogo. Wanyapara wakapigwa. Je, hatumjui Farao huyu? Yeye ndiye bwana anayemnyima karani karatasi, kisha amwuliza barua iko wapi.

Lakini Kitabu cha Ruthu chatuonyesha Boazi. Alipofika shambani, neno lake la kwanza kwa wavunaji lilikuwa salamu na baraka, nao wakambariki. Akamjua hata mwanamke mgeni aokotaye masazo, akamwambia anywe maji pamoja na watumishi. Mavuno ya Boazi hayakupungua kwa ajili ya salamu yake.

Kanisa limesema wazi juu ya mambo haya. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha kwamba ni aibu kumtumia mtu kama chombo cha kupatia faida, na kwamba kazi isipite nguvu za mwili wala isimnyime mtu pumziko. Mwaka 1981 Yohane Paulo II alirudia katika Laborem Exercens: kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi.

Yatupasa kufanya nini?

Ninyi mlio wakubwa wa kazi, kapita wa watu watano au mkurugenzi wa watu mia tano, jichunguzeni. Mtu akikosa, mwonyeni faraghani, si mbele ya wenzake. Agizeni kazi kwa maneno wazi. Lipeni mshahara siku yake. Mkikosa ninyi, ungameni kosa. Hofu yaweza kumfanya mtu ainamishe kichwa, lakini haiwezi kumfanya apende kazi.

Ninyi watumishi, msiufiche ugonjwa. Moyo ukienda mbio bila sababu, usingizi ukipotea majuma mengi, nendeni mkapimwe damu. Msitafute faraja katika chupa, kwa maana pombe huongeza ubaya uleule. Andikeni tarehe na mambo yaliyotendeka, kisha mwendee mjumbe wa sendika au mkaguzi wa kazi. Afadhali mwende wawili watatu, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na ikiwa lazima kuacha kazi hiyo, tafuteni kwanza nyingine, wala msikate tamaa: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini msilipize kisasi juu ya wake na watoto wenu. Hao hawakuwatukana.

Ninyi akina mama, ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Mpokeeni mume kwa upole, mwulizeni habari za siku yake akiisha kupumzika. Na mama naye, akirudi kutoka kazini amechoka, mumewe amtendee vivyo hivyo.

Nanyi wanafunzi, mtakuwa wakubwa kesho. Kiranja anayewaonea wadogo darasani leo anajifunza kuwa Farao.

Tumalizie kwa jambo moja. Katika kila Misa, kabla ya kupokea Komunyo takatifu, twakiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu. Maneno hayo tumeyapokea kwa nani? Kwa akida wa Kapernaumu, mkubwa wa askari mia, aliyemtafuta Yezu kwa sababu mtumishi wake alikuwa mgonjwa. Kanisa zima laazima sala ya bwana aliyejali afya ya mtu wake. Jumapili ijayo, tutakapoyatamka, kila mwenye watu chini yake awakumbuke kwa majina.