Jumapili na Wapenda Magari wa Ngagara

Askari mwenye sare akitokea mahali raia wanapojiburudisha, mazungumzo hukatika. Ndivyo ilivyokuwa tulipofika Ngagara, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, mtaa ambao wazee wangali wanauita OCAF kwa jina la shirika la Wabelgiji lililoujenga katika miaka ya 1950. Ngagara ni mojawapo ya mitaa iliyokumbwa na machafuko ya mwaka 2015. Kwa hiyo hatukushangaa watu kumi na wawili waliokuwa wameinamia injini moja walipoinuka kwa pamoja na kututazama bila kusema neno.

Hao walikuwa wapenda magari. Hawana chama wala kadi ya uanachama. Hukutana tu chini ya mwembe baada ya ibada, kila mmoja na gari lake, wakafungua boneti na kuanza ubishi. Siku hiyo palikuwa na Peugeot 504, Volkswagen ya kale yenye umbo la kobe, na Toyota mbili zenye usukani wa kulia. Mzee mmoja, dereva mstaafu, ndiye aliyevunja kimya.

“Karibuni, afande. Mmekuja kwa heri?”

Tulimjibu kwamba tumekuja kutazama magari tu.

“Basi vueni kofia. Injini haipigiwi saluti.”

Watu wakacheka, na ubishi ukaendelea pale ulipokuwa umeachwa. Mzee alikuwa akiitetea Peugeot yake kwa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki: Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Mwenye Volkswagen akamkumbusha kuwa gari la aina yake lilikwisha kushinda tangu mwaka 1954. Hakuna aliyemtaja Shekhar Mehta na Datsun zake, pengine kwa sababu hapakuwa na mwenye Datsun pale.

Jambo moja lilitustaajabisha: hakuna injini iliyokuwa ikiunguruma. Nchi yetu huagiza mafuta yake kutoka nje, mengi yakipitia bandari ya Dar es Salaam, na uhaba wa fedha za kigeni ulipokaza katika miaka ya 2022 hadi 2024, magari yalilala kwenye foleni za vituo siku nyingi. Wenzetu hawa walijifunza kulitunza gari lisilotembea. Tangi tupu la chuma, walitueleza, hukusanya unyevu na kushika kutu ndani, na kutu hiyo ndiyo inayoziba kabureta siku esansi inapopatikana. Betri hufunguliwa waya. Gari husukumwa hatua chache kila juma ili tairi zisikae kwa upande mmoja na breki zisigande. Tulisukuma nasi, makoti yakiwa yametundikwa mwembeni.

Tulipokuwa tukipumzika, kijana mmoja mwenye Toyota alizunguka gari letu la kazi. Akachuchumaa nyuma ya gurudumu la nyuma la kushoto, akapitisha kidole upande wa ndani wa tairi, akakinusa.

“Afande, hii si maji. Ni mafuta ya breki.”

Asubuhi ile ile tulikuwa tumelikagua gari hilo na kutia sahihi yetu kwamba ni zima. Kesho yake lilikuwa lichukue askari tisa kwenda Gitega. Yeyote aliyewahi kupita njia hiyo anaifahamu: kutoka kandokando ya Ziwa Tanganyika barabara hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kurudi mteremko huo wote hubebwa na breki. Kijana akaongeza kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakizeeka, huchemka upesi gurudumu linapopata moto, mvuke ukaingia katika mabomba, na kanyagio likazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Mvujo nao ungeweza kulizamisha kanyagio vivyo hivyo.

Tulimgeukia dereva wetu. Alikuwa ametazama chini. Tulipomsihi aseme, alikiri kuwa kanyagio lilikuwa limelegea tangu Ijumaa.

“Mbona hukusema?”

“Nilikuona umekwisha tia sahihi, afande.”

Hatukupata la kumjibu mbele ya raia wale, wala hatukulipata njiani. Tunaandika habari hii kwa sababu tunajua kuwa dereva huyo yumo katika kila kikosi na kila kituo cha polisi, na kwamba sahihi ile ilikuwa yetu, si yake.

Gurudumu lilifunguliwa palepale. Mpira wa ndani wa silinda ulikuwa umechanika. Kijana hakuwa na mwingine wa kipimo kile, na mzee alikataa katakata gari lirudi kambini kwa nguvu zake lenyewe, hata kwa mwendo wa pole. Likavutwa kwa kamba. Safari ya Gitega iliahirishwa kwa siku mbili.

Jumapili iliyofuata dereva aliomba ruhusa ya kwenda Ngagara. Tulimpa. Alikwenda amevaa shati la kiraia, na mfukoni alikuwa na mpira wa silinda ya Peugeot 504, ambao mzee alikuwa akiutafuta kwa muda mrefu.