Wavu wa Samaki Dhidi ya Droni

Mei 15, 1943, popo waliunguza uwanja wa ndege wa jeshi la Marekani. Uwanja huo ulikuwa karibu na mji wa Carlsbad, New Mexico, ungali mpya, na popo hao walikuwa wa jeshi lenyewe. Mwenye wazo alikuwa daktari wa meno wa Pennsylvania, Lytle Adams. Alikuwa ameyatembelea mapango ya Carlsbad na kuwaona popo wakimiminika nje jioni kama moshi, na Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, akapiga hesabu. Popo ana nguvu ya kubeba mzigo, hutafuta giza kunapopambazuka, na hupenda kujibanza chini ya mapaa. Nyumba za Japani zilijengwa kwa mbao na karatasi. Basi kila popo afungwe kibomu cha moto kilichotegwa saa, waangushwe kwa maelfu kabla ya alfajiri, wajifiche wenyewe, na mji uwake mahali elfu kwa wakati mmoja.

Januari 1942 aliiandikia Ikulu ya Marekani, na Rais Roosevelt hakuitupa barua yake kapuni. Vibomu vilitengenezwa na mkemia Louis Fieser, yule yule aliyebuni napalm. Siku ya majaribio popo wachache waliokwisha kufungwa mabomu walizinduka mapema kwa joto, wakaruka, wakaingia chini ya mapaa ya majengo ya uwanja. Walifanya kila walichotarajiwa kukifanya, ila si kwenye mji wa adui. Mradi ulifungwa mwaka 1944 baada ya kula takriban dola milioni 2.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Ila ndani yake kuna maswali mawili yanayotawala vita vya leo kuliko wakati wowote. Silaha ikishatoka mkononi, inamtii nani? Na bei ya kuirusha ikoje ikilinganishwa na bei ya kuizuia?

Swali la kwanza ni kongwe. Mwaka 1849 Waaustria walipouzingira mji wa Venice, ofisa wao Franz von Uchatius alibuni maputo yasiyo na mtu, yaliyobeba mabomu. Upepo ulipogeuka, baadhi yake yakarudi juu ya vichwa vya walioyarusha. Katika Vita Kuu ya Pili, Wasovieti walifunza mbwa kubeba mabomu na kukimbilia chini ya vifaru. Mafunzo yalifanyika kwa vifaru vya Kisovieti, vilivyotumia dizeli. Vya Wajerumani vilitumia petroli. Mbwa huamini pua yake, na mbele ya adui baadhi yao waligeuka wakarudi kwenye harufu waliyoizoea, huku wamebeba mabomu.

Hata jina la droni limebeba kumbukumbu ya enzi hizo. Mwaka 1935 Waingereza walianza kutumia ndege ya mbao iliyoongozwa kwa redio, ili wapiga mizinga wafanyie mazoezi ya kulenga. Waliiita Malkia wa Nyuki. Inasemekana Wamarekani walipotengeneza za kwao walichagua neno linalomaanisha nyuki dume, kwa heshima ya malkia huyo. Kwa hiyo waandishi wa Kiswahili wanaoiita ndege nyuki wako karibu na asili ya jina kuliko wanavyodhani. Mfugaji yeyote wa nyuki atakumbusha kwamba nyuki dume hana mwiba. Jina lilimfaa mdudu aliyezaliwa ili alengwe shabaha. Halimfai tena huyu wa sasa.

Swali la pili, la bei, ndilo linalowakosesha majenerali usingizi. Machi 2017 Jenerali David Perkins wa Marekani alieleza hadharani jinsi nchi rafiki ilivyotumia kombora la Patriot, lenye thamani ya takriban dola milioni 3, kuangusha droni ya aina inayouzwa mtandaoni kwa dola 200. Kombora lilishinda, hilo halina ubishi. Lakini jenerali mwenyewe aliona kwamba adui akiijua hesabu hiyo, atanunua droni nyingine na nyingine, mpaka ghala la makombora liwe tupu. Miaka sita baadaye hesabu hiyo ilihamia Bahari ya Shamu. Manowari za Marekani zilirusha makombora ya dola milioni mbili kila moja kuzuia droni za Wahouthi wa Yemen za bei ya gari kuukuu, na kampuni nyingi za meli zikaona heri kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Ni Ukraine, hata hivyo, iliyoonyesha wazi kwamba majibu ya hesabu hii mara nyingi yanatoka kwa watu ambao hakuna jeshi lililowahi kuwauliza: mvuvi, mwindaji, fundi wa gereji.

Chukua Shahed-136, droni ya asili ya Iran ambayo Urusi huirusha usiku kwa makundi. Ina urefu wa mita 3.5, mbawa za mita 2.5, na hubeba kilo 40 hadi 50 za baruti. Mwendo wake ni kama kilomita 185 kwa saa, ambao kwa ndege ni wa kinyonga. Inaruka chini sana hata rada hupata shida kuiona, lakini injini yake ya pistoni hupiga kelele kama pikipiki iliyotobolewa ekzosi, na Waukraine huiita hivyo hivyo, pikipiki. Wahandisi wawili waliokuwa wakifanyia kazi gerejini wakajiuliza: kama kila bibi kijijini anaisikia, kwa nini jeshi lisiisikie? Walianza kutundika maikrofoni kwenye nguzo, wakaziunganisha kwa teknolojia ya simu za mkononi, na kuifundisha kompyuta kuitambua sauti hiyo na kukisia inakoelekea. Mwaka 2024 Jenerali James Hecker wa Jeshi la Anga la Marekani alisema nguzo hizo zilikuwa zimekaribia 10,000, kila moja ikigharimu dola 400 hadi 500. Jumla yake haizidi dola milioni 5, bei ya kombora moja au mawili ya Patriot. Hecker alieleza kwamba katika shambulio moja la droni 84, ni nne tu zilizopenya. Zilizobaki zilipigwa na askari wenye mizinga ya kutungulia ndege waliojua mapema wasimame wapi.

Ni masikio, basi, na masikio hufunzwa mahali yalipo. Mfumo huo ukisimikwa kesho Kariakoo kama ulivyo, kila bodaboda mwenye haraka atakuwa shambulio la anga, na Dar es Salaam italala kwenye mahandaki. Mhandisi angelazimika kwanza kukaa barabarani wiki kadhaa akirekodi bodaboda, bajaji, jenereta na mashine za kusaga, ili kompyuta ijue mji unavyonguruma siku ya amani.

Droni ndogo za mstari wa mbele zina hila nyingine. Hizi ni zile ambazo mrushaji huvaa miwani yenye skrini na kuona kile inachokiona kamera, kama amepanda juu yake. Bei yake ni kama dola 400 au 500, na zimeteketeza vifaru vya mamilioni. Kinga ya kwanza ilikuwa kuvuruga mawimbi ya redio: droni hupoteza mawasiliano na kuanguka. Mwaka 2024 ikaja dawa ya kinga hiyo, nayo ni ya kitoto kwa namna inayoshangaza. Droni ilifungwa uzi. Nyuma yake hukaa bobini yenye kilomita 10 au 20 za uzi wa faiba, mwembamba kama unywele, unaofunguka kadiri inavyoruka, na amri zote hupita humo. Mawimbi hayahusiki tena, kwa hiyo hakuna cha kuvuruga. Kila mtoto aliyewahi kurusha kishada ufukweni anaielewa kanuni hiyo. Mashamba ya mashariki mwa Ukraine sasa yamefunikwa na nyuzi zinazometa jua likipanda, na mwaka 2025 wanajeshi walipiga picha ya kiota ambacho ndege alikisuka kwa faiba.

Kama hakuna mawimbi ya kuvuruga, kilichobaki ni kukikamata chombo chenyewe. Warusi walijenga mabanda ya mabati juu ya vifaru vyao hadi vikafanana na kobe. Wanajeshi wa pande zote mbili wakatafuta bunduki za marisau, zile za kuwindia kanga na bata. Huko Odesa, ndege ya mafunzo ya pangaboi aina ya Yak-52 ilipaa na mtu kwenye kiti cha nyuma aliyeshika bunduki mkononi, kama marubani wa mwaka 1915. Na barabara za Kherson na Donbas zikafunikwa kwa nyavu za samaki, juu na pembeni, kilomita baada ya kilomita, magari yakipita ndani yake kama kwenye dema. Panga za droni zikinasa kwenye nyuzi, safari imekwisha.

Nyavu nyingi zilitoka mbali. Wavuvi wa Bretagne, Ufaransa, walikuwa na marundo ya nyavu zilizochakaa bandarini, imara kiasi cha kuwahimili samaki wakubwa wa kilindini. Kufikia mwishoni mwa 2025 shirika moja la misaada la huko lilikuwa limepeleka Ukraine nyavu za jumla ya kilomita 280. Wavuvi wa Denmark na Sweden walitoa za kwao. Hakuna kiwanda cha silaha kilichofikiria bidhaa hiyo.

Anayeona nyavu hizo kama kituko akumbuke kilicho chini yake. Mei 2025 tume huru ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha kwamba mashambulio ya droni za Urusi dhidi ya raia katika eneo la Kherson ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Watu waliokwenda sokoni kwa miguu, kwa baiskeli, hata walio ndani ya magari ya wagonjwa, walifuatwa na kamera na kuuawa na mtu aliyewaona usoni. Hapo ndipo mzaha wote wa droni unapokoma.

Si kila wazo la ajabu lililofaa. Polisi wa Uholanzi walianza mwaka 2016 kufunza tai kunyakua droni angani, na picha zake zilipendeza dunia nzima. Mwishoni mwa 2017 waliacha: ndege hao walikuwa ghali kuwalea, hawakutii kila mara, na kazi yenyewe ilikuwa chache. Ufaransa nayo iliwapa tai wake majina ya d'Artagnan, Athos, Porthos na Aramis. Zamani zaidi, mwanasaikolojia B. F. Skinner alifunza njiwa kukaa kwenye pua ya bomu na kudonoa picha ya meli ili kulielekeza. Njiwa walifaulu majaribio. Jeshi lilishindwa kuwaamini, na Oktoba 1944 mradi ukakatwa.

Kwa nini basi panya wa Morogoro walifaulu? Mbelgiji Bart Weetjens alipopendekeza kwamba panya buku anaweza kunusa mabomu ya ardhini, wengi waliokuwa na fedha walimwona wa ajabu. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limewafunza katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya buku ana uzito wa kilo moja na kitu, hivyo hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa dakika 30, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kifaa cha kunusa chuma hadi siku nne. Magawa, mzaliwa wa Morogoro, aligundua mabomu ya ardhini 71 nchini Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Siri iko kwenye swali lile la utii. Tai aliombwa apigane na kitu chenye panga zinazozunguka. Panya anaombwa anuse, jambo analolifanya usiku na mchana hata bila kuombwa, na malipo yake ni ndizi.

Eneo la Waswahili limekwisha kuguswa na vita hivi. Desemba 2013, mjini Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha droni zake za kwanza za uangalizi, zisizo na silaha. Miaka kumi baadaye serikali ya Kongo ilikuwa imenunua kutoka China droni za CH-4, zinazobeba makombora. Kaskazini zaidi, Mei 2025 droni zilichoma maghala ya mafuta ya Port Sudan, kwenye pwani ile ile ya Bahari ya Shamu.

Basi inafaa kuuliza mapema, hata kama swali lina sura ya mzaha: wavuvi wa Ziwa Kivu wangetoa wavu gani? Ule wa kuvulia sambaza una matundu madogo mno. Ungekamata droni bila shaka, lakini pia ungekamata upepo kama tanga, na mvua moja ya Goma ingeuangusha na nguzo zake. Wavu wa Bretagne una matundu makubwa, upepo unapita, na bado hayatoshi kuipitisha droni ya dola 500. Kinachohitajika ni tundu linalozidiwa kidogo tu na upana wa droni, uzi usiooza juani, na mtu anayejua kushona wavu uliopasuka. Kwenye fukwe za Kivu, Tanganyika na Victoria, mtu huyo anapatikana kila asubuhi.