Adili na Nduguze kwa Watu wa Visiwani

Katika hadithi alizotuachia marehemu Shaaban Robert, aghalabu watu huitaja Kusadikika kwanza, kwa kuwa ndani yake mna baraza na mashtaka. Ama Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, huachiwa watoto wa skuli, kana kwamba hikaya yenye majini na manyani haina la kumwambia mtu mzima. Rai yangu ni kinyume cha hiyo, wala sioni pahali inapothibiti zaidi kuliko pwani ya Wabajuni, kusini mwa Somalia, tangu Kismayu hata Koyama, Chovai, Chula na Ras Kiamboni, ambako riziki ni ya bahari na udugu ndio mtaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai wa Ughaibu, alipopelekwa Janibu kudai kodi, alimwona usiku mwenyeji wake, Liwali Adili, mtu mpole na karimu, akiwapiga manyani wawili kwa mjeledi, kisha akilia, akiwabembeleza na kuwalisha. Manyani hao walikuwa Hasidi na Mwivu, nduguze, ambao walimtosa baharini katika safari ya biashara kwa kumhusudu juu ya Mwelekevu, binti aliyemkuta yu hai peke yake katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Naye Huria, jini aliyepata kuokolewa na Adili, akawageuza wanyama na kumlazimisha awaadhibu kila usiku.

Asomaye mara ya kwanza hukimbilia kujua manyani ni akina nani, na akishajua huona kitabu kimekwisha. Mara ya pili, siri ikiwa imekwisha fichuka, jicho hutua juu ya yale machozi, nasi twatambua kwamba apigaye na apigwaye wote wamo kifungoni, na kwamba Adili, ambaye hakutenda kosa, ndiye alalaye na uchungu ulio mkubwa.

Asili ya hikaya hii ni Alfu Lela Ulela, na humo wale ndugu, baada ya kusamehewa, huurudia uovu wao na hatima yao huwa kitanzi. Shaaban Robert hakuridhia mwisho huo: kwake Mfalme Rai huwaombea, wakarejeshewa sura zao, wakatubu. Mtu aweza kusema kuwa ni mwisho mwepesi mno. Mimi nauona wa kijasiri, maana ni rahisi kwa mwandishi kumnyonga mkosaji kuliko kumrudisha sebuleni ale sinia moja na aliyemkosa. Na mambo ya vyombo na shehena yaliyomo katika kisa hakuyapata vitabuni tu, kwani tangu mwaka 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha katika pwani ya Tanganyika.

Sasa mpe kitabu hiki Mbajuni mtu mzima. Mji wa mawe hatauona ajabu, maana visiwa vyake vina magofu ya misikiti na makaburi ya kale, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na miti imeota mle walimosali watu. Wala habari ya ndugu kutengana si ngeni kwake: mwaka 1925 Jubalandi, nchi yenye pwani hii, ilitolewa kwa Italia, mpaka ukapita kati ya Kiamboni na Kiunga, na vita vilipozuka mwaka 1991, jamaa wengi walipanda vyombo wakakimbilia Lamu na Mombasa, wengine wakabaki, na waliporejea baadhi yao walikuta mji una wenyewe wapya. Nani amsamehe nani, na kwa sharti gani, ni suala ambalo huko bado lina moto.

Ziada ya hayo, serikali ya Somalia ilipoiandikia lugha ya Kisomali hati yake mwaka 1972, Kiswahili cha pwani hii kilibaki bila skuli, kikaishi majumbani na barazani. Kwa hiyo hakitakuwa na mwalimu ila mzee mwenye kitabu na sauti. Kusi ikivuma, vyombo vikiwa vimepandishwa pwani na watu wakishona nyavu, nafasi hupatikana, na kitabu ni kifupi. Mwenye nakala naamkopeshe jirani, na amsomeaye mtoto asimtangulizie kumwambia manyani wale ni akina nani.